Kutoka Chupa ya Mofini hadi Leseni ya Bangi: Historia ya Sheria za Dawa Zinazodhibitiwa na Nafasi ya Muuguzaji katika Mpaka wa Uganda na Kenya

Ikisiri

Makala hii inafuatilia historia ya sheria zinazodhibiti mofini na bangi katika mpaka wa Uganda na Kenya, ikiitazama kutoka Tiira, mji mdogo wa wachimbaji dhahabu katika Wilaya ya Busia, Uganda. Hoja kuu ni kwamba, miongoni mwa mageuzi yaliyofanywa pande zote mbili tangu mwaka 1993, yale yaliyomfikia mgonjwa kitandani ni mageuzi ya mofini nchini Uganda. Yalimfikia kwa sababu yalijibu mapema maswali matatu: nani aandike dawa, nani ailipie, na nani aishike nyumbani. Mageuzi ya bangi yalianzia kwa mwekezaji upande wa Uganda na kwa mshtakiwa upande wa Kenya, na kwa hiyo yamemwacha muuguzaji mahali alipokuwa. Makala inapendekeza kwamba marekebisho yajayo ya sheria za bangi na hempu yafuate mpangilio wa mofini, na kwamba istilahi za Kiswahili zisanifiwe ili zitenganishe tiba na ulevi.

Maneno muhimu: bangi, hempu, mofini, tiba shufaa, muuguzaji, Tiira, Busia, Tororo

1.0 Utangulizi

Tiira ipo katika ukanda wa dhahabu wa Busia, karibu na barabara iendayo mpakani. Uchimbaji wa dhahabu katika ukanda huu ulianza miaka ya 1930, wakati eneo lote likisimamiwa kutoka Tororo, na uliendelea mikononi mwa wachimbaji wadogo hata baada ya Busia kufanywa wilaya inayojitegemea mwaka 1997. Wasamia, Wagwe na Wateso wanaishi hapa kwa ujirani, na Wajopadhola wako upande wa Tororo. Wasamia na Wateso wana ndugu ng'ambo ya pili, katika Kaunti ya Busia, Kenya. Kiswahili ni lugha ya machimbo, ya soko na ya geti la mpaka.

Mji wa namna hii una wagonjwa wa namna yake. Kutoka Tiira hadi Kampala, iliko Taasisi ya Saratani ya Uganda, ni takriban kilomita 200. Saratani ya shingo ya kizazi ndiyo inayowashika wanawake wengi zaidi wa Uganda kuliko saratani nyingine, na wengi hufika hospitalini ugonjwa ukiwa umekwisha kusambaa. Mwezi Aprili 2016 mashine pekee ya umma ya tiba ya mionzi nchini, iliyokuwa Mulago, iliharibika, na ilichukua karibu miaka miwili kabla ya mashine mpya kuanza kazi. Kwa mgonjwa aliyerudishwa nyumbani katika hali hiyo, tiba iliyobaki ni kutulizwa maumivu, na mahali pa tiba hiyo ni nyumbani kwake.

Hapo ndipo anapoingia mhusika mkuu wa makala hii. Kiswahili kinatofautisha kati ya muuguzi, aliyesomea kazi na kusajiliwa, na muuguzaji, yaani binti, mume, dada au jirani anayemuuguza mgonjwa nyumbani. Muuguzaji ndiye anayeshika chupa, anayehesabu saa za dozi na anayesafiri kufuata dawa. Sheria za dawa zinazodhibitiwa zimeandikwa kwa muda mrefu kana kwamba hayupo. Swali linaloongoza makala hii ni la kihistoria: ni lini, na kwa njia gani, sheria katika mpaka huu iliwahi kumwona?

2.0 Mpaka, mmea na sheria ya kikoloni

Mpaka wenyewe ni mchanga. Hadi tarehe 1 Aprili 1902, nchi iliyo mashariki ya Busia ya leo, kufikia Naivasha, ilikuwa Jimbo la Mashariki la Himaya ya Uganda. Tarehe hiyo ilihamishiwa Himaya ya Afrika Mashariki, ambayo baadaye iliitwa Kenya. Tangu hapo watu wa ukoo mmoja walianza kuishi chini ya vitabu viwili vya sheria. Reli iliyopita Tororo na kufika Kampala mwaka 1931 iliongeza mwendo wa watu na bidhaa, na mwendo huo haujapungua.

Bangi ilikuwa imekwisha kufika bara muda mrefu kabla ya mpaka. Jina lake la Kiswahili lina asili ya Kihindi na linashuhudia njia ya Bahari ya Hindi. Ndani zaidi, Waganda huiita njaga, na jina hilo linajulikana pia kwa majirani zao upande wa mashariki. Serikali za kikoloni ziliipiga marufuku katika miongo ya mwanzo ya karne ya 20, na marufuku ya ndani yalipata nguvu ya kimataifa pale Mkataba wa Afyuni uliotiwa saini Geneva tarehe 19 Februari 1925 ulipoijumuisha bangi, kwa kusukumwa hasa na ujumbe wa Misri baada ya Afrika Kusini kulifikisha suala hilo kwenye Shirikisho la Mataifa mwaka 1923.

Jambo linalostahili kukaziwa ni hali ya bangi katika tiba ya wakati huohuo. Daktari William O'Shaughnessy alikuwa ameitambulisha kwa madaktari wa Kiingereza kutokana na majaribio yake ya Kolkata mwaka 1839, na dondoo lake liliendelea kuorodheshwa katika kitabu rasmi cha dawa cha Uingereza hadi mwaka 1932. Kwa miaka kadhaa, basi, mmea uleule ulikuwa dawa katika orodha ya daktari wa kikoloni na kosa la jinai katika shamba la mwananchi. Mkataba wa 1925 haukuiondoa tiba, kwani ulilenga kuacha matumizi ya kitabibu na ya kisayansi pekee. Kilichokosekana katika makoloni ni mlango wa kumwezesha mgonjwa wa kawaida kuyafikia matumizi hayo.

Mkataba Mmoja wa Dawa za Kulevya wa mwaka 1961 ulirithi mgawanyo huo. Dibaji yake inakiri kwamba dawa hizi ni za lazima katika kuondoa maumivu na kwamba mataifa yanawajibika kuhakikisha zinapatikana. Kifungu cha 28 kinaruhusu kilimo cha bangi chini ya usimamizi wa serikali, na kinaacha nje kilimo kinacholenga nyuzi na mbegu pekee, yaani hempu ya viwandani. Lakini mkataba huohuo uliiweka bangi katika Jedwali la Nne, la dawa zilizohesabiwa kuwa na hatari kubwa na faida ndogo ya tiba. Iliondolewa humo tarehe 2 Desemba 2020, kwa kura 27 dhidi ya 25, ikabaki katika Jedwali la Kwanza pamoja na mofini. Kwa mtazamo wa sheria ya kimataifa, kwa hiyo, bangi na mofini sasa zimekaa kwenye benchi moja. Kuna sababu nzuri ya kuuliza jinsi mofini ilivyofika Tiira na bangi ya tiba isifike.

3.0 Mofini: sheria iliyoanza na muuguzi

Mwaka 1993 ni wa kukumbukwa kwa mambo mawili. Bunge la Uganda, wakati huo likiitwa Baraza la Taifa la Upinzani, lilipitisha Sheria ya Sera ya Taifa ya Dawa na Mamlaka ya Dawa, iliyounda chombo kimoja cha kusimamia dawa zote, zikiwamo za kulevya. Mwaka huohuo Daktari Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mjini Kampala, baada ya kukubaliana na serikali kwamba unga wa mofini uingizwe nchini. Unga huo huyeyushwa majini na kuongezewa kihifadhi na rangi inayotambulisha nguvu ya dawa. Mgonjwa huinywa kila baada ya saa 4. Haihitaji sindano, haihitaji kitanda cha hospitali, na bei yake ni ndogo.

Urahisi huo uligongana na sheria. Wenye mamlaka ya kuandika mofini walikuwa madaktari, na madaktari hawakuwapo vijijini. Katika miaka hiyo UKIMWI ulikuwa umeongeza idadi ya watu waliokuwa wakifa nyumbani kwa maumivu, na mashirika kama TASO, lililoanzishwa mwaka 1987 na baadaye kuwa na kituo Tororo, yalikuwa yamekwisha kuonyesha kwamba huduma ya nyumbani inawezekana endapo wanafamilia watafundishwa. Mpango wa sekta ya afya wa 2000 hadi 2005 uliitambua tiba shufaa kuwa sehemu ya huduma za msingi. Mwaka 2002 kozi ya miezi 9 ilianza kuwaandaa wauguzi na maafisa tabibu. Kisha mwaka 2004 kanuni mpya ziliwaruhusu wauguzi na maafisa tabibu waliohitimu mafunzo hayo kuandika mofini. Uganda ilikuwa nchi ya kwanza duniani kuwapa wauguzi wa tiba shufaa mamlaka hayo kwa namna hiyo. Serikali ikachukua gharama, na mgonjwa akaipata dawa bila malipo.

Mpangilio wa hatua hizi una mafunzo kuliko hatua yoyote peke yake. Dawa ilitangulia, ikafuata sera, yakafuata mafunzo, na mwishoni ikabadilishwa kanuni ili ihalalishe mikono iliyokuwa imekwisha kuandaliwa. Kanuni ya 2004 haikulegeza udhibiti. Mofini iliendelea kuhesabiwa, kuandikwa vitabuni na kufungiwa kabatini. Kilichobadilika ni umbali kati ya mgonjwa na mtu mwenye ruhusa ya kumsaidia.

Mafanikio haya yana mipaka yake, na si haki kuyapamba. Huduma haikuenea sawasawa katika kila wilaya, wahitimu wa kozi hawakutosha, na mahali dawa ilipokwisha mgonjwa alirudi kwenye maumivu yake. Hata hivyo, swali la kama muuguzaji wa Tiira ana haki ya kuwa na chupa ya mofini nyumbani lilikwisha kujibiwa, na jibu ni ndiyo.

Jibu hilo linaishia getini. Nchini Kenya, ambako Nairobi Hospice ilianza kazi mwaka 1990 na chama cha kitaifa cha hospisi kikaundwa mwaka 2005, Sheria ya Kudhibiti Dawa za Kulevya na Viathirisha Akili ya mwaka 1994 inamlinda anayemiliki dawa aliyoandikiwa na daktari, daktari wa meno au daktari wa mifugo. Muuguzi wa tiba shufaa hatajwi. Tuchukue mfano wa kubuni: mama mgonjwa wa Tiira anahamishiwa kwa binti yake upande wa Kenya, mwendo wa saa moja tu. Chupa iliyoandikwa na muuguzi kihalali upande mmoja inakuwa, upande wa pili, dawa ya kulevya iliyoandikwa na mtu asiyetambuliwa na sheria. Kituo cha pamoja cha mpakani kilichozinduliwa Busia mwezi Februari 2018 kinawawezesha maafisa wa nchi mbili kukagua lori moja kwa pamoja. Chupa ya binti huyu haijapata utaratibu wa aina hiyo.

4.0 Bangi: mwekezaji upande mmoja, mshtakiwa upande wa pili

Historia ya karibuni ya bangi imekwenda kwa mpangilio tofauti kabisa. Nchini Uganda, sheria mahususi ya dawa za kulevya ya mwaka 2015 iliweka adhabu nzito, zikiwamo vifungo vya kuanzia miaka 10 kwa kumiliki, huku ikimwachia waziri mwanya wa kuruhusu kilimo kwa ajili ya tiba. Mwanya huo ulitumiwa na kampuni. Kilimo cha bangi ya tiba kilianza Kasese, magharibi mwa nchi, kwa ubia na wawekezaji wa Israeli na kwa ajili ya soko la nje. Waombaji wengine walipoongezeka, masharti yaliyotangazwa na Wizara ya Afya yalidai mtaji wa angalau dola milioni 5 na dhamana ya benki ya shilingi bilioni 4 za Uganda. Kwa mkulima wa Busia au Tororo, takwimu hizo zilikuwa mlango uliofungwa. Kwa mgonjwa hazikuwa na maana yoyote, kwa kuwa zao lilikusudiwa kuondoka nchini.

Tarehe 5 Mei 2023 Mahakama ya Katiba iliibatilisha sheria hiyo kwa sababu ilipitishwa bila akidi ya wabunge. Waliofungua shauri walikuwa chama cha wakulima na wafanyabiashara wa miraa wa Wakiso. Bunge lilipitisha sheria mpya mwezi Agosti mwaka huohuo. Inafaa kuzingatia kwamba katika mzunguko wote huo, wakulima wa miraa walifika mahakamani, kampuni zilifika wizarani, na polisi walisikilizwa bungeni. Mgonjwa alitajwa mara nyingi kama sababu ya kulima bangi. Kama mtumiaji wa dawa itakayotokana na kilimo hicho hakuandaliwa nafasi.

Upande wa Kenya, Sheria ya 1994 iliyochukua nafasi ya Sheria ya Dawa za Hatari, Sura ya 245, ilimpa mwenye bangi ya matumizi yake mwenyewe kifungo cha hadi miaka 10. Mjadala wa kuibadilisha uliongozwa na watu wenye hoja mbalimbali. Gwada Ogot aliwasilisha ombi lake katika Seneti mwaka 2017. Ken Okoth, Mbunge wa Kibra, aliomba mwaka 2018 kuandaliwa kwa mswada wa kuhalalisha na kudhibiti bangi. Alifariki Julai 2019 kwa saratani ya utumbo mpana, naye mwenyewe akiwa mgonjwa aliyejua thamani ya kutulizwa maumivu. Jumuiya ya Rastafari ilikwenda Mahakama Kuu ya Nairobi mwaka 2021 kudai haki ya ibada. Katika uchaguzi wa 2022, mgombea urais George Wajackoyah alinadi kilimo cha bangi kama njia ya kulipa deni la taifa. Mabadiliko yaliyopatikana mwaka huohuo wa 2022 yalihusu adhabu: kwa matumizi binafsi, kifungo kisichozidi miaka 5 au faini isiyozidi shilingi 100,000. Ni nafuu kwa mshtakiwa. Binti aliyekamatwa na mafuta ya bangi ya mtoto wake mwenye kifafa bado ni mshtakiwa, ingawa mwenye adhabu ndogo zaidi.

Matokeo ya mageuzi haya mawili yanaonekana mpakani. Shehena za bangi kutoka Uganda hunaswa mara kwa mara Busia na Malaba, na zisizonaswa hupita njia za panya. Mmea upo, soko lipo, polisi wapo. Kinachokosekana ni daktari, cheti na kipimo. Anayeutafuta mmea kwa ajili ya mgonjwa hana budi kununua mahali anaponunua mlevi, bila kujua nguvu ya alichonunua wala kilichochanganywa nacho.

Rwanda inatoa ulinganisho wa karibu. Amri yake ya Juni 2021 iliruhusu kulima na kusafirisha nje bangi ya tiba, huku matumizi ya ndani yakiendelea kuwa kosa. Kinyume chake, sheria ya California ya mwaka 1996 ilimtaja waziwazi mlezi mkuu wa mgonjwa na kumpa kinga, na nchini Uingereza ni mama za watoto wenye kifafa kikali waliosukuma mabadiliko yaliyoanza kutumika tarehe 1 Novemba 2018. Sheria hizo mbili zina kasoro zake, hasa ugumu wa kuipata dawa katika huduma ya umma ya Uingereza. Hata hivyo, zote mbili zilianza kwa kumtazama mtu aliye kando ya kitanda.

Tahadhari ya kitaalamu ni ya lazima hapa. Ushahidi wa tiba wa bangi haulingani na ule wa mofini. Una nguvu zaidi kwa aina chache za kifafa cha utotoni, kwa kichefuchefu kinacholetwa na dawa za saratani, na kwa kukakamaa kwa misuli katika baadhi ya magonjwa ya neva. Kwa maumivu ya saratani, mofini inabaki kuwa nguzo. Mageuzi ya bangi yasiyohakikisha kwanza upatikanaji wa mofini yatakuwa yamejenga paa kabla ya ukuta.

5.0 Istilahi na matokeo yake

Tatizo hili lina upande wa lugha unaokihusu Kiswahili moja kwa moja. Tunasema "dawa za kulevya", na katika kauli hiyo tiba na ulevi vimefungwa kwa kamba moja. Neno "mihadarati" lina mzizi wa Kiarabu unaohusu kutia ganzi, maana ambayo ndiyo hasa anayoihitaji mgonjwa, lakini katika matumizi ya leo limebaki kuwa neno la polisi na mahakama. Muuguzaji anayeambiwa kwamba mofini ni dawa ya kulevya ana sababu ya kuiogopa, na afisa wa getini ana sababu ya kuinyang'anya. Neno "hempu" nalo halijazoeleka, na "katani" tayari limechukuliwa na mkonge, kiasi kwamba mkulima hana jina la kutenganisha zao la nyuzi na bangi ya kuvuta.

Jumuiya ya Afrika Mashariki iliidhinisha Kiswahili kuwa lugha yake rasmi mwezi Februari 2021, na Baraza la Mawaziri la Uganda lilikipitisha kuwa lugha rasmi mwezi Julai 2022. Ikiwa lugha hii itatumika kuandika kanuni na fomu za mpakani, wanaistilahi wana wajibu wa kupendekeza mapema majina matatu yasiyochanganyika: la dawa inayodhibitiwa, la kilevi na la zao la kiwandani.

6.0 Hitimisho na mapendekezo

Historia iliyofuatiliwa hapa inaonyesha kwamba udhibiti na huruma vinaweza kukaa katika kanuni moja, na kwamba vilikwisha kukaa hivyo Uganda mwaka 2004. Inaonyesha pia kwamba leseni ya kuuza nje, au punguzo la kifungo, havigeuki vyenyewe kuwa dawa. Kutokana na hayo, makala inapendekeza yafuatayo.

Kwanza, sheria za nchi zote mbili zimtaje muuguzaji na kumpa kinga ya kubeba na kutunza dawa aliyoandikiwa mgonjwa wake. Pili, Kenya iwape wauguzi na maafisa tabibu waliofuzu tiba shufaa mamlaka ya kuandika mofini, kama jirani yake alivyofanya. Tatu, kila leseni ya kilimo cha bangi ya tiba iambatane na wajibu wa kutoa sehemu ya dawa iliyosafishwa na kupimwa kwa hospitali za ndani, kwa magonjwa yenye ushahidi. Nne, hempu ya nyuzi na mbegu itungiwe kanuni zake, zenye masharti anayoyaweza mkulima mdogo wa Busia na Tororo. Tano, vituo vya pamoja vya Busia na Malaba vitambue cheti kimoja cha mgonjwa, kilichoandikwa pia kwa Kiswahili.

Pendekezo la tano ndilo la gharama ndogo kuliko yote, na linaweza kuanza na mofini pekee bila kusubiri mjadala wa bangi umalizike. Ni karatasi moja yenye majina mawili, la mgonjwa na la muuguzaji wake, inayomwezesha binti wa Tiira kuvuka na chupa ya mama yake mchana, kwa njia kuu.